Kisu kwanza au dripu kwanza? Barua ya wazi kwa wanaosimamia tiba ya saratani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mganga Mkuu wa Serikali, na wakuu wa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Hospitali ya Taifa Muhimbili, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Temeke. Nafundisha hisabati sekondari, na nina titi moja. La kushoto lilikatwa katika hospitali moja ya mjini humu ambayo sitaitaja, kwa sababu sikuja kushtaki mtu. Nimekuja na swali nililolibeba tangu siku nilipokaa kwenye benchi la kusubiri dripu, nikaanza kuzungumza na mama aliyeketi pembeni yangu.

Yeye alitoka Kigamboni. Ugonjwa wetu ulikuwa mmoja, saratani ya titi, umri wetu ulikaribiana, na hata vipimo vya uvimbe vilivyoandikwa kwenye kadi zetu havikupishana sana. Lakini mimi nilikatwa kwanza, ndipo nikapelekwa kwenye kemo, yaani dawa za saratani zinazoingizwa kwa dripu. Yeye alianza na kemo, akaambiwa atakatwa baadaye. Tukatazamana. Kwa nini wewe hivyo na mimi hivi? Hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu. Nilimwuliza muuguzi, akanijibu kwa upole kwamba inategemea. Nikamwuliza inategemea nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, inategemea ulipoanzia."

Mimi nilianzia kwa daktari wa upasuaji kwa kuwa ndiye aliyekuwa na nafasi wiki ile. Mwenzangu alianzia upande wa dawa kwa kuwa foleni ya chumba cha upasuaji ilikuwa ndefu alikokwenda. Tofauti yetu yote ilikuwa hiyo.

Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma, maana sijazoea kulala na swali. Nilimsumbua mpwa wangu anayesomea udaktari anitafsirie maneno, na usiku nikawa nasoma mwenyewe. Niliyoyakuta yalinifariji na kunihuzunisha kwa pamoja, na ningependa kila mama anayeketi kwenye lile benchi ayajue.

Hapa kwetu Pwani, na nadhani bara pia, kuna usemi ambao kila mgonjwa wa saratani huambiwa na shangazi, na jirani, na mwuza mboga: saratani haitaki kisu, ukiigusa kwa kisu inatawanyika. Nimeshaona wanawake wakikimbia wodi usiku wa kuamkia upasuaji kwa ajili ya usemi huo. Sikujua kwamba hofu inayofanana nayo iliwahi kupimwa na wanasayansi wakubwa. Daktari mmoja wa upasuaji wa Marekani, Bernard Fisher wa Pittsburgh, aliona pamoja na wenzake katika panya kwamba uvimbe mkuu ukiondolewa, chembe zilizobaki mahali pengine mwilini huanza kukua kwa kasi. Akajiuliza: je, tukitanguliza dawa kabla ya kisu, si tutazizima chembe hizo mapema na kuokoa watu wengi zaidi?

Hakuishia kujiuliza. Kuanzia mwaka 1988 wanawake 1,523 wenye saratani ya titi inayoweza kukatwa waligawanywa kwa bahati nasibu katika utafiti uliopewa jina la B-18. Nusu walikatwa kwanza, kisha wakapewa mizunguko minne ya doksorubisini, ile dripu nyekundu inayotufanya tukojoe rangi ya rozela, pamoja na siklofosfamidi. Nusu nyingine walipewa dawa zilezile, kwa kiasi kilekile, lakini kabla ya kukatwa. Kilichobadilika kilikuwa mpangilio tu.

Miaka tisa baadaye, waliokuwa hai katika kundi la kisu kwanza walikuwa asilimia 70. Katika kundi la dripu kwanza walikuwa asilimia 69. Kwa lugha ya darasani kwangu, hakuna tofauti. Waliotangulizwa kisu hawakufa mapema zaidi. Na mwaka 2018 watafiti walipokusanya pamoja tafiti kumi za namna hiyo, zenye wanawake 4,756, jibu la vifo lilikuwa lilelile.

Naomba tusilipite haraka hilo. Yule shangazi anayesema kisu kinatawanya hastahili kukaripiwa, anastahili kujibiwa, na jibu lipo tangu watoto ninaowafundisha hawajazaliwa. Kwa nini halijabandikwa kwa Kiswahili kwenye ukuta wa kila kliniki ya matiti mkoa huu?

Lakini kama vifo ni sawa, dripu ikitangulia ina faida gani? Faida zipo. Katika B-18, wanawake wanane kati ya kumi waliotangulizwa dawa uvimbe wao ulipungua kwa nusu au zaidi. Waliobakiwa na titi, yaani kuondolewa uvimbe tu, walikuwa asilimia 68, ukilinganisha na 60 kwa waliokatwa kwanza. Faida nyingine, kwa maoni yangu iliyo kubwa zaidi, ni kwamba dripu ikitangulia, daktari anaiona dawa ikifanya kazi, au ikishindwa. Mimi nilipopewa dripu titi lilikuwa limeshaondoka. Hakukuwa na kitu cha kupima. Nilikunywa maji, nikatapika, nikapoteza nywele, na hakuna mtu duniani aliyeweza kuniambia kama dawa ile inaua chochote. Kwa aliyetanguliza dripu, nyama ikitolewa na kukutwa bado ina chembe hai, hiyo ni habari ya kufanyiwa kazi. Huko Japani na Korea Kusini, wanawake 910 waliokutwa na mabaki ya namna hiyo walifuatiliwa, baadhi yao wakiongezewa vidonge vya kapesitabini. Baada ya miaka mitano, asilimia 89 ya waliopewa vidonge walikuwa hai, na asilimia 84 ya wasiopewa. Majibu hayo yalichapishwa mwaka 2017. Bila kutanguliza dripu, mabaki yasingeonekana, na wasingejulikana wa kuongezewa.

Hasara nayo ipo. Katika zile tafiti kumi, saratani ilirudi kwenye titi au jirani yake mara nyingi zaidi kwa waliotanguliza dawa: asilimia 21.4 baada ya miaka 15, dhidi ya 15.9. Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba uvimbe ukiyeyuka watu huridhika, wakakata kidogo mno au wasikate kabisa.

Hapo kwenye kuridhika ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu ndipo nilipompoteza mwenzangu.

Baada ya mzunguko wa tatu alinishika mkono tukiwa benchini, akauingiza ndani ya khanga yake, akasema, "Tafuta." Nilitafuta. Uvimbe haukuwapo. Alilia kwa furaha, na mimi nikalia naye, ingawa nikiwa nimeshakatwa nilihisi pia wivu ambao leo naukiri mbele yenu. Alimaliza mzunguko wa nne, akapanda kivuko, akarudi kwao. Nyumbani kulifanywa dua ya shukrani. Mume wake alisema, na ni mtu mwema, kwamba haiwezekani kumkata mtu aliyepona. Hakuna aliyempigia simu kumwuliza kwa nini hakuja kukatwa. Tarehe ya kukatwa haikuwa imeandikwa popote. Aliambiwa tu atakuja baada ya dripu.

Sikujua wakati ule ninachokijua leo. Katika B-18, wanawake 36 kati ya 100 waliotanguliza dawa uvimbe ulitoweka kabisa mkononi mwa daktari. Walipokatwa na nyama kupelekwa maabara, ni robo tu yao ambao hawakukutwa na saratani iliyopenya kwenye nyama ya titi. Robo tatu walikuwa bado nayo. Mkono hauioni. Ningelijua hilo siku ile, ningelivuka maji kwenda kumfuata.

Alirudi baada ya mwaka na miezi, titi likiwa limetoboka. Tulimzika kwao Kigamboni.

Sasa mniruhusu nieleze na upande wangu, ili msidhani kisu kwanza ndiyo salama. Nina daftari. Kila tukio niliandika tarehe, ni mazoea ya kazi. Tangu kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara, hadi majibu: siku 31. Tangu kukatwa titi hadi majibu ya titi lenyewe: siku 44, na yalipokuja hayakuwa na kipimo cha vipokezi vya homoni wala HER2, alama zilizo kwenye chembe za saratani, vile vinavyoamua kama mtu apewe dawa ya tamoksifeni au ya trastuzumabu. Nikatafutiwa kipimo hicho upya. Kidonda changu nacho kilikataa kufunga, kikatoa maji chini ya kwapa wiki tano. Tangu kisu hadi dripu ya kwanza zilipita siku 118.

Mwaka 2016 watafiti walichapisha hesabu ya wanawake zaidi ya 24,000 wa California. Walioanza kemo baada ya siku 90 tangu kukatwa walikufa zaidi kuliko waliowahi, na hali ilikuwa mbaya zaidi kwa wenye saratani isiyo na vipokezi vyote vitatu, viwili vya homoni na HER2. Mimi nilivuka siku 90 nikiwa nyumbani nasahihisha mitihani, nasubiri karatasi.

Mwaona basi, waheshimiwa. B-18 ilipata usawa kwa sababu mwanamke akimaliza hatua ya kwanza, ya pili ilikuwa inamngoja. Mjini kwetu kila mpangilio una shimo lake. Ukitanguliza kisu, shimo liko kwenye majibu na kidonda, dripu inachelewa. Ukitanguliza dripu, shimo liko kwenye furaha, na kisu hakifiki kabisa. Shimo lipi ni kubwa zaidi kwa mwanamke wa Mbagala, wa Kibaha, au wa yule aliyeletwa kutoka Lindi na kulala kwa ndugu Tandika? Utafiti wa Pittsburgh hauwezi kutujibu hilo. Swali hilo linaweza kujibiwa hapa tu, na nawaomba mlijibu.

Nayajua majina ya taasisi nilizoziandika juu kabisa ya barua hii, na sikuyaandika kwa mapambo. Ocean Road ina dawa na mionzi, na imekuwa taasisi kamili ya saratani kwa sheria tangu mwaka 1996. Muhimbili ina wapasuaji na maabara ya kupima nyama. Chuo kina watafiti, na taasisi ya utafiti ndiyo yenye dhamana ya kupitia maadili. Kati ya Upanga, iliko Muhimbili, na ufukweni, iliko Ocean Road, ni safari fupi ya bajaji. Hazihitajiki dawa mpya. Doksorubisini na siklofosfamidi ni dawa kongwe na zimo katika matumizi yetu ya kila siku. Kinachohitajika ni kuwagawanya kwa bahati nasibu wanawake waliokubali, ambao mpangilio wowote unawafaa, kisha kuhesabu jambo ambalo tafiti kubwa hazikuliweka mbele: ni wangapi waliomaliza hatua zote, na kwa siku ngapi.

Si kila mwanamke angeingia kwenye kura hiyo, nalijua. Yule aliyekuja titi limeshika ukuta wa kifua au limechanika, na mitoki ya kwapani imeshikana, hana hiari. Yeye lazima dripu itangulie maana mpasuaji hapati ngozi ya kufungia. Na yule mwenye uvimbe mdogo wenye vipokezi vya homoni pengine hahitaji kemo kabisa, anahitaji kukatwa na vidonge. Kwa kuwa wengi wetu tunafika hospitali ugonjwa umekwisha kwenda mbali, wanaobaki katikati si wengi. Lakini wapo. Mimi na mama wa Kigamboni tulikuwa wawili kati yao.

Najua pia neno litakalosemwa mitaani: wanatufanyia majaribio. Nimelisikia wodini, na silidharau, kwa sababu watu wana haki ya kuogopa kufanywa panya. Nitawajibu wenzangu hivi. Sisi tumeshapigiwa kura. Mimi nilipangiwa kisu na foleni, mwenzangu alipangiwa dripu na foleni. Tofauti ni kwamba kura yetu haikuombewa ridhaa, haikuandikwa, na hakuna aliyerudi kuhesabu nani kabaki. Utafiti wa kweli una karatasi ya Kiswahili ninayoisoma kabla ya kusaini, una haki ya kujitoa bila kunyimwa tiba, na una mtu ambaye kazi yake ni kunipigia simu nisipotokea. Simu ile ingemvusha mwenzangu.

Hata kabla ya utafiti, kuna mambo hayahitaji kusubiri. Mwanamke asikatwe wala asiwekewe dripu kabla mpasuaji, daktari wa dawa na wa maabara hawajakaa meza moja na faili lake. Mikutano hiyo ipo katika baadhi ya hospitali. Aliyeingilia mlango mwingine haifikii, na mlango wangu haukuwa nayo. Kipimo cha vipokezi kifanywe kwenye kinyama cha kwanza kabisa, maana ndicho kinachosema njia ipi ifuatwe. Kukifanya baada ya kukata ni kama mimi kutoa mtihani kisha ndiyo nifundishe mada. Kwa anayetanguliza dripu, mahali pa uvimbe pawekwe alama tangu mwanzo, kipande kidogo cha chuma ndani au angalau wino wa kudumu kwenye ngozi, kwa sababu uvimbe ukitoweka mpasuaji hatajua akate wapi. Na tarehe ya hatua ya pili iandikwe kwenye kadi siku ileile hatua ya kwanza inapoanza. Kalamu mnazo.

Hilo la tarehe naomba lifikiriwe pamoja na fedha. Mtu analipia kisu dirisha moja, dripu dirisha jingine, na kati ya madirisha hayo mawili huisha akiba, huuzwa kiwanja, na mume mwingine huondoka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Katika kupanga mafao yake, ombi langu ni kwamba saratani ya titi ihesabiwe safari moja kuanzia kinyama hadi mionzi, ili asiwepo mwanamke anayelipiwa nusu ya njia. Nusu ya tiba ya saratani ni gharama iliyopotea, na hili si suala la huruma tu, ni hesabu.

Shirika la Afya Duniani lilizindua mwaka 2021 mpango wa saratani ya matiti wenye malengo ambayo hata mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza anaweza kuyapima: uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mwanamke alipofika hospitali mara ya kwanza, na angalau wanawake 80 kati ya 100 wamalize tiba yao. Naomba mtuambie hadharani Dar es Salaam tuko wapi kwenye namba hizo mbili, hospitali kwa hospitali. Kama ni aibu, tutaibeba pamoja.

Mimi naendelea vizuri. Nilimaliza dripu, nikapigwa mionzi Ocean Road, na sasa nameza tamoksifeni kila usiku baada ya kula. Kila nikienda kliniki naketi kwenye benchi na kuwauliza walio pembeni yangu walianza na nini, na waliambiwa hatua inayofuata ni lini. Majibu nayaandika kwenye lile daftari, bila majina, kwa ruhusa yao. Mpaka juma lililopita walikuwa 43. Kumi na tisa hawakuwa na tarehe. Najua benchi si utafiti, na namba hizo haziwezi kuthibitisha kitu. Lakini daftari ninalo, na siku mtakayokaa kuupanga utafiti wenyewe, niiteni nilete. Baada ya saa tisa alasiri nakuwa nimemaliza vipindi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa hisabati,
Temeke, Dar es Salaam